Pesa ya Jua

Jumanne, 8 Julai 2025

Imekubaliwa! Imekubaliwa!

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Nikajua ni zile alama za Gredi ya Saba, nikaingia nimekunja uso tayari kwa vita. Kumbe anacheka. Uhamisho wangu umepita. Nabadilishana na mwalimu Nanok, Mturkana anayefundisha kule kwetu Nandi, shule ambayo kengele yake inasikika ukiwa nyumbani kwa mama. Yeye aje hapa Kakuma, awe upande mmoja na baba yake anayechunga kule Namoruputh. Mimi niende kwetu. Tarehe 25 Agosti, muhula wa tatu ukifunguliwa, kila mtu awe kituo chake kipya.

Miaka mitano nimeomba! Kila orodha ikitoka, jina langu halimo. Mpaka nikampata Nanok kwenye kundi la WhatsApp la walimu wanaotafuta wa kubadilishana nao. Tunajinadi humo kama watu wanaosaka wachumba: natafuta aliye Nandi, mimi niko Turkana, Hisabati na Sayansi. Wakisoma “Turkana” wanakimbia. Nanok hakukimbia. Ndiko kwao.

Mzee Wandera alipiga meza ya staffroom. “Binti, unaenda Kenya!” Hapa ndivyo wanavyosema. Ukipita Kitale umeingia Kenya.

Nimelia chooni. Inzi na harufu na yote, nimelia tu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia mama kumwambia. Jelimo ndiye aliyeshika simu. Nikasema hujambo mrembo wangu. Nikamsikia akiita bibi yake: “Kogo! Ni yule wa Turkana!”

Yule wa Turkana.

Nilimwacha ana miaka miwili, na likizo nyingi nauli imeliwa na madeni. Sasa ana saba, meno ya mbele yametoka, nimeyaona kwa picha. Mama alichukua simu akacheka, ati ni mtoto, usitie moyoni. Nimetia. Mama mwenyewe magoti yamekwisha, hawezi tena kumkimbiza mtoto. Anangoja tu nifike.

Lakini Agosti hiyo hapo! Atanizoea. Nitamsuka nywele kila Jumapili, atake asitake.

Jumamosi, 19 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nilishuka Lodwar asubuhi, ofisi ya sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, kubadilisha anwani tu. Kitu cha dakika mbili. Wangari wa mikopo akafungua kompyuta, akasoma mara mbili. Anatoka Murang’a, yuko Lodwar mwaka wa tisa, si mtu wa kusoma kitu mara mbili.

Akaniuliza kama nimewahi kuitoa hadshipu kwenye payslip yangu nikaona kinachobaki.

Hadshipu ni yale marupurupu ya mazingira magumu. Kila mtumishi wa serikali huku anapewa kwa sababu ya jua, na maji ya chumvi, na kuwa mbali na watu wake. Ukihamia Nandi inakatika mwezi huohuo. Nilijua! Nilijua kama mtu anavyojua kwamba siku moja atakufa.

Akanionyesha. Mkopo wa chuo unakatwa kwanza. Halafu mkopo wa sacco, ule mkubwa nilioomba mwaka juzi kufunga mikopo yote ya simu na kuezeka nyumba ya mama. Mkubwa hivyo kwa sababu nilihesabu kila senti ya payslip, na hadshipu ndani yake. Sasa toa hadshipu. Sheria inataka theluthi ya mshahara wa msingi ibaki mkononi mwangu. Haibaki. Haikaribii hata. Basi mwajiri hataweza kukata fungu la sacco lote, mkopo utaanza kulala bila kulipwa, na sacco itageukia akiba ya mdhamini.

Mdhamini wangu ni Mzee Wandera. Anastaafu Desemba.

Wangari hakunikaripia. Alisema, polepole: “Mwalimu, wewe hukukopea mshahara. Ulikopea pesa ya jua. Na ukitoka juani, pesa ya jua haikufuati.”

Mwalimu wa Hisabati! Mimi! Ninayechapa watoto maneno kwa kusahau kutoa.

Akaongeza kwamba siko peke yangu. Nusu ya walimu wa Turkana wamefungwa hivyohivyo, ndiyo maana wanaomba uhamisho kila mwaka na wakipewa wanaukataa kimya kimya. Nilidhani wanapenda huku! Nilikuwa nawacheka.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani sikuimba. Mhubiri alisoma ile ya msiwiwe na mtu cho chote. Nilihisi ananitazama mimi, lakini alikuwa anatazama feni iliyokwama.

Nimepiga hesabu kwa kila njia. Nikiuza vyombo. Nikila mara moja. Nikifundisha tuisheni likizoni. Kila njia inaishia palepale. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na harusi yenyewe siikumbuki! Ilikuwa wapi? Mkopo wa chuo ulininunulia godoro na vitabu vya fotokopi. Nikamaliza, nikakaa miaka bila kazi, wala sikuwaandikia wenye mkopo kuwaambia sina kazi. Niliogopa simu zao. Faini ikajilimbikiza. Nikapata kazi, makato yakaanza, nikakopa kwa simu ili nile, nikakopa kwa simu nyingine kulipa simu ya kwanza. Hakuna aliyecheza hata ngoma moja.

Jumatano, 23 Julai

Nimemwambia Mzee Wandera. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakatoka ovyo.

Alikuwa anasahihisha mitihani. Hakuinua kichwa. Akaniuliza kama ni akiba yote au nusu. Nikasema Wangari anadhani karibu yote. Akasahihisha karatasi nyingine. Halafu akasema zile pesa ni za posho mill, kinu cha kusaga unga. Amenunua kiwanja kidogo sokoni kwao Busia, ameshajenga kibanda, kimebaki kinu tu. Ndiyo pensheni yake ya kweli, ile nyingine itachelewa kama kawaida.

Nikamwambia nitakataa uhamisho. Akasema, “Usiseme neno leo. Ukiwa umelia usiseme neno.”

Sikuwa nimelia. Nilianza baada ya yeye kusema.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule imefungwa. Wenzangu wameondoka, kwenye nyumba za walimu nimebaki mimi na mbuzi wa jirani wanaokula sabuni yangu.

Jioni alikuja Nyamal, Mama Gatluak, mwenye duka kule kambi ya wakimbizi. Sijawahi kumwona upande huu wa mto. Ananikopesha unga, sukari, mafuta, na tangu niingie Kakuma sijapitisha mwezi bila kumlipa. Mwezi huu nimepitisha. Amesikia nahama — nani kamwambia? Kakuma haina siri.

Aliketi kwenye kiti changu kimoja, miguu mirefu mpaka mlangoni. Akasema, “Mwalimu, mimi napenda wewe sana. Lakini chakula ya kambi imekatwa. Watu yangu wote wamechukua vitu kwa deni, hakuna mtu ya kulipa. Mimi naenda shika nani? Nashika wewe, wewe uko na mshahara.”

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri kabisa. Halafu akacheka mpaka akafuta machozi.

“Malesh, pole mwalimu, malesh! Kumbe mshahara yako pia ni ya msaada! Wakikata, unalia kama sisi!”

Nilikasirika. Kisha nikacheka pia, ningefanya nini?

Alipoinuka alikuwa ameacha kucheka. “Mimi nilikimbia vita, wanaita mimi mkimbizi. Wewe ukikimbia deni yangu, wataita nini? Transfa?”

Nimempa mtungi wa gesi, kitanda na taa ya sola. Wavulana wawili wa duka lake walibeba. Akasema khalas, tumemalizana. Akanishika kichwa akaniombea kwa Kinuer. Deni moja limekufa. Dawa ya deni kulipa, nasikia mwili umepungua uzito kidogo. Ila nalala chini.

Jumanne, 5 Agosti

Simu imeniletea ujumbe: Hongera Jepkoech! Umefuzu kupata mkopo mkubwa zaidi! Hata siku ya mahafali chuo hakikunipongeza namna hiyo.

Nikaufungua. Nikajaza jina. Nikajaza nambari ya kitambulisho, naijua kwa kichwa kuliko siku ya kuzaliwa kwa mtoto wangu. Nilikuwa nawaza: nichukue hii, nilipe miezi miwili ya sacco, nifike nyumbani kwanza, mengine tutayaona hukohuko. Kidole kiko juu ya kitufe.

Wakauliza ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yangu. Nikakumbuka mara ya mwisho nilipochelewa. Walimpigia mama. Walimpigia mchungaji! Wakamwambia mama kwamba mwanawe ni mwizi. Mama aliuza ndama.

Nimefuta kila kitu. Nimeizima simu na kuiweka ndani ya sufuria, na kifuniko juu. Mtu mzima!

Jumapili, 10 Agosti

Nanok amepiga, ananisalimu kwa Kiturkana. “Ejok, mwalimu! Ejok!” Sauti ya mtu mwenye furaha.

Ameshauza kitanda na kabati. Ameaga kanisani, wamemchangia blanketi. Baba yake amemtengea mbuzi wa kuchinja siku atakayofika, na amekataa kumchinja mbuzi huyo hata mgeni wa heshima alipokuja. “Mzee anauliza kila mtu anapita: mtoto wangu ametoka Kenya? Mwalimu, wewe Mungu alituma.”

Nikamuuliza, na wewe mkopo? Akashangaa. Yeye anatoka pasipo na hadshipu kuja penye hadshipu. Payslip yake inanenepa. Akaniuliza kama kuna shida. Nikasema hakuna.

Kwa nini nilisema hakuna?

Nikikataa, naye anabaki. Uhamisho huu ni wa watu wawili, mmoja akivuta mguu wote wanaanguka. Yule mzee wa Namoruputh hanijui, na nimeshika mbuzi wake shingoni.

Alhamisi, 14 Agosti

Wangari amenipigia mwenyewe. Hajalala kwa ajili yangu, anasema, naye halipwi kwa hilo. Kuna njia. Wauvunje mkopo, waupange upya, waurefushe, fungu la kila mwezi liwe dogo mpaka liingie kwenye mshahara mtupu usio na hadshipu. Nitalipa muda mrefu sana. Riba itakuwa nyingi, ameniambia wazi nisije nikasema sikuambiwa. Lakini itawezekana. Nitakula ugali na mboga za mama, na nitakuwa nyumbani.

Nilipiga kelele. Mbuzi wakakimbia.

Halafu akasema: mdhamini lazima asaini upya. Na akisaini, akiba yake inafungwa mpaka mkopo uishe. Hata akistaafu.

Nikamuuliza kama hawezi kuwa mtu mwingine. Akasema mlete. Nimewapigia wote ninaowajua. Jibu ni moja: payslip yangu imekwisha, mwalimu. Wamefungwa kama mimi. Wote ni pesa ya jua.

Nyamal nilimuuliza kwa mzaha. Akasema yeye si mwanachama, si Mkenya, na si mjinga.

Jumatatu, 18 Agosti

Mzee Wandera hakwenda kwao likizo hii. Amepanga chumba Kanamkemer, anafuatilia mambo yake ya kustaafu pale Lodwar. Nilimfuata. Alinipa soda, yeye akanywa maji.

Nilimweleza bila kumwomba. Naapa sikumwomba. Nilisema tu, Wangari anasema hivi na hivi.

Akasema, “Nitasaini.”

Nikasema hapana, mzee. Akasema, “Mimi nina nyumba, nina mihogo, nina mke. Wewe una mtoto asiyekujua. Kinu kitangoja. Mtoto hangoji.”

Nilitaka kupiga magoti. Badala yake nikauliza, na mama amesemaje? Mke wake. Akatazama nje barabarani. Akasema atamweleza.

Nimerudi Kakuma nikiimba. Nimefua. Nimefunga vitabu kwenye katoni. Nimemwambia mama Jumapili nitakuwa mlangoni.

Jumatano, 20 Agosti

Nambari nisiyoijua. Nikadhani ni wale wa mikopo. Ni mwanamke.

“Wewe ndiye mwalimu Jepkoech? Mimi ni mke wa Wandera.”

Nilimsalimia kwa heshima zote. Akaitikia kwa heshima zote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Anasema mume wake hajui kusema hapana, hajawahi kujua. Ameshawadhamini watatu, wawili walimlia pesa. Anasema amelala peke yake miaka ishirini na miwili, Wandera yuko Turkana, akilea watoto watano kwa simu na likizo. Kile kibanda cha kinu amekijenga yeye, matofali ameyabeba yeye. Kila asubuhi anafagia kibanda kisicho na kitu ndani.

“Nawe ni mama,” akasema. “Nasikia mwanao hakujui. Pole. Wangu pia hawakumjua baba yao. Walizoea. Sikuambii ufanye nini, mwanangu. Nimetaka tu usikie sauti yangu kabla hajasaini.”

Nimeisikia. Haitoki masikioni.

Alhamisi, 21 Agosti

Sijala. Sijatoka nje. Sijampigia mtu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nanok amefika. Saa tatu nilisikia pikipiki, nikachungulia. Kijana mrefu, shati limejaa vumbi, godoro limefungwa kwa kamba mgongoni mwa pikipiki. Akanisalimia “Ejok” akitabasamu kwa meno yote. Akaona chumba hakina kitu, akadhani nimeshafunga mizigo tayari kuondoka. Hakujua kwamba kitanda kiko kwa Nyamal.

Nikamwambia bado namalizia kitu kidogo. Akasema hakuna haraka, mwalimu. Ameketi nje juu ya godoro lake lililofungwa, kwenye kivuli cha ukuta, anampigia baba yake. Ninasikia kucheka. Kwa Kiturkana, lakini kucheka ni kucheka.

Saa nne, simu ya mama. Ni Jelimo. Safari hii hakumwita mtu. Alipumua kwanza, kama mtoto aliyefundishwa la kusema. Kisha: “Kogo amesema nikuite mama. Nikuite?”

Nikasema niite.

“Haya. Nitakuita ukifika.”

Akakata.

Gari la Kitale linapita hapa saa saba. Begi liko mlangoni. Nimevaa viatu. Nimevivua. Nimevivaa.

Sasa hivi Wangari amepiga. Anaongea kwa sauti ya chini, nadhani amegeukia ukuta. Mzee yuko mbele yake, amefika kabla ofisi haijafunguliwa, amevaa koti. Kalamu iko mkononi. Kila kitu kiko tayari. “Lakini amekataa kusaini kabla sijakuuliza wewe. Anasema mkewe amempigia usiku, na anajua amekupigia na wewe. Anasema wewe ndiye utakayesema, naye hatauliza sababu. Mwalimu, nimwambie asaini?”

Nikasema subiri kidogo.

Nimeiweka simu kwenye katoni ya vitabu, nimechukua daftari hili. Haijakatwa, spika iko wazi. Dakika zinahesabu. Nje Nanok ameanza kufungua kamba za godoro, polepole, ananipa nafasi. Mtu mwema. Kwa nini wote ni watu wema? Angekuwepo mwovu mmoja tu hapa, ningejua la kufanya.

Namsikia Mzee Wandera akikohoa kwenye simu. Kikohozi kilekile cha staffroom.

“Mwalimu?” Wangari anasema. “Mwalimu, uko?”

Niko.